Aliyemng'atia Baba Mpunga

Simu ya Roza iliingia asubuhi ya Alhamisi, saa mbili na nusu, nikiwa nimesimama mbele ya mizani na penseli mkononi. Gunia la mteja wa kwanza lilikuwa bado linaning'inia kwenye ndoano. Roza ni mdogo wangu, ameolewa Ipogolo kule Iringa, na baba yetu alikuwa kwake tangu Jumatatu. Nilipokea nikidhani anataka kuniambia Baba amepanda basi la kurudi Igurusi.

"Dada Esther, uko na nani hapo?"

"Niko kazini. Sema."

"Nitafutie mtu mzima akae karibu yako."

Nikajua. Nikamwambia aseme tu.

"Nimempelekea uji saa moja, nikadhani bado amelala. Nikauacha mezani. Nimerudi nimekuta uji vilevile. Dada, Baba hakuamka."

Nilikaa chini, palepale kwenye pumba. Sikumbuki kama nilipiga kelele, lakini wanawake waliokuwa wanageuza mpunga uwanjani waliangusha reki zao wakaja mbio. Aroni, fundi wetu wa mashine, alizima injini. Ukimya ulioingia pale ndio uliomwambia kila mtu kuwa Mzee Limbu amekufa, maana injini ile haikuwahi kuzimwa saa mbili na nusu wakati wa mavuno.

Mtu mmoja tu hakuja kwangu. Damari, kibarua wetu, alibaki katikati ya maturubai, mkono mdomoni. Kisha nikamwona anainama. Akachota mpunga kidogo, akatia punje moja mdomoni, akaing'ata, akaitemea kiganjani na kuitazama. Akafanya hivyo kwenye turubai la pili, la tatu, la nne. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "La tatu na la nne anueni, wekeni kivulini. Haya mawili yaacheni mpaka saa sita."

Mwili wa baba yangu ulikuwa haujaoshwa, na mwanamke yule alikuwa anang'ata mpunga. Nikasema moyoni: huyu alikuwa anaisubiri siku hii.

Naandika haya kwa sababu niliombwa na ndugu zangu niandike maisha ya Baba. Nilipoanza niliona siwezi kuyaandika bila kumwandika Damari, na siwezi kumwandika Damari bila kuungama jinsi nilivyomwaza kwa muda wa miaka mitatu. Mungu alishaujua moyo wangu. Sasa naona afadhali na watu waujue.

Baba alizaliwa Usukumani na alikuja Usangu akiwa kijana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, wakitafuta malisho. Ng'ombe walipopungua alilima mpunga, na alipochoka kuona mpunga wake unaharibiwa na mashine za watu, akanunua ya kwake akaifunga Igurusi, karibu na barabara kuu. Watu walikuja kutoka Chimala, Ubaruku na hata mbali zaidi, wakizipita mashine nyingine njiani, kwa sababu moja. Kwa Limbu mchele ulitoka mzima. Chenga zilikuwa za kuku tu.

Siri yake ilikuwa meno. Mpunga ukiwa mbichi, mashine inausaga unakuwa kama unga wenye ukaidi. Ukikaushwa kupita kiasi unapasuka ndani kwa ndani, na ukiingia mashineni unatoka chenga. Kuna hali moja katikati, na Baba aliijua kwa kung'ata. Alichota punje kutoka katikati ya gunia, si juu, akaiweka kwenye jino la nyuma upande wa kulia, akafumba macho. Ikilia "ka!" kwa namna anayoitaka, alitikisa kichwa kukubali na gunia lilipelekwa mashineni. Isipolia hivyo, mwenye mpunga alirudi juani hata kama alikuwa mchungaji wetu.

Bwana shamba mmoja aliwahi kuja na kifaa cha kupima unyevu. Baba alikigeuzageuza, akamrudishia. "Kina meno mangapi?" akauliza. Watu walicheka wiki nzima.

Lakini sifa hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Baba hakumwamini binadamu mwingine yeyote. Aling'ata yeye, akawasha injini yeye, akafagia chini ya mashine yeye. Ukifunga mdomo wa gunia, alikuja nyuma yako, akaufungua, akaufunga upya kwa fundo lilelile. Aroni alikuwa fundi kwa jina tu. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya Baba na kumpa spana. Baba akienda mjini Mbeya kununua kipuri, alipiga simu kila baada ya nusu saa. "Mnafanya nini? Nasikia injini inakohoa. Nani ameigusa?" Alikuwa anasikia magari ya Mwanjelwa, hukohuko mjini aliposimama.

Mdogo wangu Nashoni alipooa, Baba aliona wingu akiwa amekaa meza kuu. Akanyanyuka na suti yake ya kijivu, akapanda pikipiki ya mtu, akaenda kuanua mpunga wa wateja. Maturubai aliyakuta yameshafunikwa. Akayafunua, akayafunika upya. Kwenye picha ya familia ya harusi ile, kando ya Mama kuna nafasi ya mtu mmoja, na nyuma ya nafasi hiyo unaonekana ukuta. Nashoni aliitundika picha ile sebuleni kwake, nadhani kwa makusudi.

Mimi nilikuwa kwenye mizani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikapewa penseli. Miaka kumi na sita. Siku moja nilimwambia, "Baba, nifundishe na mimi kung'ata." Akanitazama kama nimemwomba viatu alivyovaa. "Ukishajua, mimi nitafanya nini?" akasema. Sikuuliza tena.

Miaka minne kabla ya msiba, mara tu mavuno yalipoisha, Baba alikaa kwa Roza wiki mbili. Alisema anapumzika. Baba kupumzika! Alirudi mtu mwingine. Akicheka aliziba mdomo. Nyama aliisukuma pembeni ya sahani. Mama alianza kumtwangia karanga mpaka zikawa laini kabisa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Msimu uliofuata ulipoanza, mpunga wa Mzee Ezekiel ulipita mkononi mwa Baba. Aliung'ata mbele yetu, akatikisa kichwa, ukaenda mashineni, na mashine ikaziba. Ulikuwa mbichi. Kilichotoka hakikuwa mchele wala unga. Mzee Ezekiel alishika kichwa. Baba akamgeukia Aroni mbele ya watu wote.

"Umekaza mno! Nani alikutuma kukaza?"

"Mzee, mimi sijagusa. Wewe ndiye..."

"Chukua koti lako uende."

Aroni alichukua koti lake akaenda. Baada ya mwezi mmoja Baba alikwenda kwake mwenyewe, kwa miguu, akarudi naye. Walichozungumza hawakukisema. Lakini tangu siku hiyo ni Aroni aliyewasha injini, na Baba alikaa mbali nayo.

Wiki hiyohiyo akamwinua Damari kutoka kwenye reki.

Damari ni Msafwa wa milimani, juu ya Uyole. Mumewe alifariki, naye akashuka bondeni kufanya kibarua cha kugeuza mpunga. Sisi tulimwita mtu wa viazi, naye alijibu kwa utani wake: "Viazi havipigi kelele mdomoni, ndiyo maana nyie hamvijui." Hakuwa mzuri wa sura wala kijana. Alikuwa mwanamke mpole wa Kimoraviani, mwenye meno meupe, mapana, kamili.

Baba alianza kuingia naye stoo. Mteja akifika, Baba alichota mpunga, akasema anakwenda kuutazama kwenye kivuli, na Damari akamfuata. Mlango uliegemezwa. Wakitoka, Baba alisema "huu upite" au "huu urudi". Mara sita, mara kumi kwa siku. Wanawake wa reki walianza kukohoa kila walipowaona. Mmoja aliniambia, "Esther, mama yako ni mvumilivu sana." Sikulala siku hiyo.

Kwetu mtoto hamuulizi baba yake neno kama lile. Nilizunguka. "Baba, stoo ina panya siku hizi? Naona mnaingia mara kwa mara."

Hata hakugeuka. "Panya mkubwa yuko nje, ameshika penseli."

Basi siku moja nikajibanza nyuma ya ukuta wa stoo, mahali ambapo bati limeachana na tofali. Nilimsikia Baba: "Hii je?" Damari: "Mbichi." "Na hii?" "Mbichi." "Hii ya Chimala?" Damari akacheka. "Baba, hiyo si ya Chimala. Umechota gunia lilelile mara tatu. Kama unataka kunichosha meno, sema."

Na Baba akacheka.

Ningeweza kutoka pale nimepona. Nilitoka nimeugua zaidi. Niliona sasa kwamba si yale waliyoyadhani wanawake wa reki. Ilikuwa mbaya kuliko hayo: alikuwa anamfundisha. Kitu alichoninyima mimi, mtoto wake wa kwanza, alikuwa anampa mwanamke aliyekulia kwenye viazi. Nikampigia Nashoni, ambaye anafanya kazi Mbeya mjini.

"Anaitaka mashine," nikamwambia. "Baba akifumba macho tu, utamkuta amekaa kwenye kiti chake."

"Amempa kitu gani mpaka Baba amtii hivyo?" Nashoni akauliza.

"Ndicho ninachotafuta."

Nikatafuta miaka mitatu. Niliangalia chai anayompikia. Niliangalia leso yake anaifunga upande gani. Kanisani, wakati wa maombi, niliomba Mungu afichue yaliyofichika stoo, na nilikuwa naomba kwa hasira. Nilichokuwa nakiona kila siku ni kitu kimoja tu, na sikukielewa: Damari akitoka stoo alikuwa anajifuta midomo, na Baba alikuwa anatazama kiganja chake mwenyewe.

Jumatatu ile ya mwisho, mwanzoni mwa Mei, mpunga ukiwa umejaa uwanja mzima, Baba alisema anakwenda kwa Roza. Alikuwa anachoka sana siku hizo na Roza alitaka akapimwe moyo hospitali ya Tosamaganga. Hakuwahi kuondoka wakati wa mavuno tangu nizaliwe. Gari likiwa linamngoja alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, tukaangaliana, na akampa Damari.

"Wewe ndiye utakayesema upite au urudi," akamwambia mbele yetu sote. "Aroni, injini. Esther, mizani."

Akapanda gari.

Nilingoja simu zake. Jumatatu nzima hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano jioni alinipigia mimi. Nikajiandaa kumweleza kila gunia. Akauliza, "Mama yako amekula?" Nikasema amekula. "Haya, mwanangu. Mlale salama." Akakata.

Hata hilo nililitilia shaka. Nilidhani anampigia Damari kwa siri, ndiyo maana hana la kuniuliza mimi.

Ndiyo maana siku ya msiba, Alhamisi ileile, nilipopata nguvu za kusimama, nilimwendea Damari nikanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Alinitazama. Macho yalikuwa mekundu, hilo nililiona, nikalipuuza. "Dada Esther, mpunga wa watu upo uwanjani magunia mia mbili. Niache mpaka Baba azikwe, halafu nitaurudisha mbele ya ukoo."

"Baba yako?"

Akafungua fundo la kanga yake, akanipa ufunguo. "Ule uliotoka juani leo usiukoboe kesho," akasema. "Una joto ndani. Mpaka keshokutwa."

Nikaona anavyonitega. Keshokutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya maziko, na mchele wa kulisha waombolezaji ulitakiwa uwe tayari Ijumaa. Mpunga wetu wenyewe ndio ule aliouanua, turubai la tatu na la nne. Anataka Limbu azikwe bila wali, niliwaza, watu waseme watoto wake hawawezi kitu bila yeye.

Ijumaa asubuhi nilikwenda stoo mwenyewe. Nikachota punje kutoka katikati ya gunia, si juu. Nikaiweka kwenye jino la nyuma upande wa kulia. Nikafumba macho. Ikalia "ka!" kama ya Baba kabisa. Machozi yalinitoka. Nikasema, Baba, kumbe naweza. Nikatema, nikamwita Aroni.

"Weka mashineni."

Aroni alisita. "Damari amesema..."

"Damari ni nani wako?"

Aliwasha injini. Nilisimama nje nikipokea pole za watu. Haikupita robo saa injini ikashuka mlio, na Aroni akatoka mlangoni amejaa vumbi la pumba, na mkono wake umefumbata kitu.

"Dada, njoo uone."

Akafumbua mkono. Chenga. Nikaingia, nikatia mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko nikitafuta mchele mzima. Punje nzima zilikuwa za kuhesabika. Magunia mawili ya mchele wa msiba yalikuwa chakula cha kuku. Hakukuwa na mpunga mwingine wetu uliokuwa tayari, na mpunga wa wateja haukuwa wa kuguswa.

Mzee Sedekia, jirani na mtani wa Baba wa miaka yote, alikuja akachungulia. Kwa desturi mtani ana ruhusa ya kusema lolote msibani. "Jamani," akasema kwa sauti ili hata wa barabarani wasikie, "Limbu amefukuza watu miaka ishirini kwa ajili ya chenga, leo anaagwa kwa chenga! Mwamsheni ajionee!" Watu walicheka, kisha waliponiona wakaacha. Ni afadhali wangeendelea.

Jeneza lilifika jioni hiyo kabla jua halijazama. Roza alisema walisimama Nyololo wakaomba pale pembeni ya barabara, kwa sababu Baba alipenda kununua njugu pale. Tulimwingiza ndani. Wanaume walipotoka kuandaa viti, tukabaki chumbani Mama, Nashoni, Roza na mimi. Suti ya kijivu ilikuwa imetandikwa kitandani. Roza akatoa leso mkobani, akaifungua kwenye mapaja yake.

Ndani kulikuwa na meno. Seti mbili, juu na chini, ya bandia.

"Mayu," akamwambia Mama, "sijui kama azikwe nayo au la. Sikutaka kuamua peke yangu."

Nashoni alirudi nyuma hatua moja. "Ya nani haya?"

"Ya Baba. Aling'olewa yote Tosamaganga, zile wiki mbili. Yalikuwa yameoza mizizi. Aliniapisha nisimwambie mtu."

Nikamtazama Mama. Mama hakushtuka hata kidogo. Aliyachukua meno akayafuta kwa upande wa kanga. "Karanga nilikuwa namtwangia kwa nini?" akasema. "Nimelala na mtu huyu miaka arobaini na mbili, nisijue meno yake? Nilimwacha na siri yake. Alidhani wateja wakijua watakwenda kwingine."

"Kwa hiyo Damari..." nikaanza.

"Damari alikuwa anamng'atia," Roza akasema. "Meno haya yakikutana na punje yanateleza, na fizi inauma, hasikii kitu. Aliniambia mwenyewe. Alihangaika mwezi mzima akitafuta mtu wa kumwamini, na kila aliyemtazama alimwona mwizi." Akaikunja leso tupu mapajani. "Jumatano mchana alikuwa amekaa barazani kwangu. Ameyavua haya, ameyaweka dirishani, anakunywa uji, anacheka mdomo wazi. Nikamwambia, Baba, mbona hupigi simu kazini? Akasema, 'Nikipiga, Damari atajua simwamini.'"

Nashoni aliangalia ukutani. Mimi nilikuwa namtazama Mama.

"Mama, na wewe hukumshuku?"

"Nilimshuku mwaka mzima," Mama akasema. "Halafu nikaona baba yenu amenenepa, anakaa mpaka mwisho wa ibada. Nikasema, Mungu ndiye anayejua, mimi nilale."

Jumamosi alfajiri, jua likichomoza, nilikwenda uwanjani. Damari alikuwapo, anafunua maturubai bila kuambiwa na mtu. Nilimpa ufunguo. Maneno niliyoyapanga usiku yote yalipotea, nikasema tu, "Nimekukosea, dada."

Akaupokea akaufunga kwenye kanga. Hakunilaumu. Aliuliza, "Ule ulioung'ata jana, ulilia?"

"Ulilia kabisa. Kama wa Baba."

"Ulivunjika vipande viwili au vitatu?"

"Sikutazama. Nilitema."

"Ndiyo hapo," akasema. "Kulia unalia hata uliopasuka. Lazima uuteme kiganjani uutazame. Vipande viwili, upite. Vitatu, una ufa, uupumzishe. Kwetu tunang'ata hivyo mahindi na maharage kabla ya kuyaweka darini, maana kule ni ukungu tu. Baba alikuwa na jicho bado. Mimi nang'ata, namwekea vipande kiganjani, anatazama. Tulikuwa mtu mmoja wawili."

Nikakumbuka kile kiganja. Miaka mitatu nilikitazama.

"Wewe ulijuaje kuhusu meno? Alikuambia?"

Damari alicheka kidogo, kisha akafuta macho. "Angeniambia yule? Alinitega wiki nzima. Anachota gunia moja, anasema ya Chimala, ya Ubaruku, ya wapi. Nikachoka. Siku ya saba nikamtega mimi. Aliniletea mpunga mbichi, umelala na maji, hata mtoto angeujua. Akang'ata yeye kwanza. Nikang'ata. Nikasema, 'Baba, huu umekauka vizuri sana.' Akatikisa kichwa: 'Kweli, umekauka.' Nikamwangalia. Akaniangalia. Akaenda akaegemeza mlango, akayatoa meno, akanionyesha."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Sasa nifukuze kazi.'"

Tukacheka wote wawili, siku ya kumzika Baba, tumesimama kwenye mpunga wake.

Maziko yalikuwa saa nane mchana. Mama ndiye aliyeamua juu ya meno: alisema Baba hakuyapenda mdomoni lakini ndiyo yaliyomfundisha kazi ya uzeeni, ya kumwamini mtu mwingine, akayatia kwenye mfuko wa ndani wa suti ya kijivu. Watu walikula wali wa chenga, na Mzee Sedekia alikula sahani mbili huku akiulaani. Kabla ya kufunga jeneza Nashoni aliomba tupige picha ya familia. Tulisimama Mama, yeye, Roza na mimi, na Baba katikati. Nashoni alimshika mpiga picha mkono akamwambia apige tena, na tena.

Mchungaji Isaka aliongoza ibada. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa ng'ombe. Wakati jeneza linashushwa upepo ulibadilika, na nikaona wingu zito limetokea milimani, upande wa Uporoto. Nashoni naye aliliona. Aliniinamia sikioni. "Dada, maturubai."

Nikamtafuta Damari kwa macho. Alikuwa amesimama na wanawake wa reki, na alikuwa ananitazama mimi. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akaja mbele ya kaburi, akachota udongo, akautupa, akasimama kidogo. Kisha akaondoka na Aroni na wanawake wanne kuelekea uwanjani. Hakukimbia.

"Yupo Damari," nikamjibu Nashoni.

Mama alitupa udongo, kisha mimi, Nashoni, Roza, wajukuu na majirani. Vijana walifukia wakipokezana majembe. Matone yalianza walipokuwa wanatengeneza tuta, lakini hakuna aliyeondoka. Msalaba ukasimikwa kichwani, tukaweka maua, kwaya ikaimba wimbo mmoja. Mchungaji akaomba, tukaitika amina. Ilikuwa saa kumi kasoro. Tukamshika Mama mikono, tukarudi naye ndani.